Baba wa Bwana Harusi

Moreen aliingia dukani kwangu bila hodi, kama kawaida yake, akanitupia flashi juu ya kibodi.

"Adyero mama, niokoe. Kadi za mwaliko, karatasi ngumu, rangi pande zote mbili. Wanazitaka leo leo, na mashine yangu imegoma."

"Za nani?"

"Za ile kampuni ya Ukoo. Unawajua wale, neno kesho hawalijui. Chapa, tutagawana."

Ndivyo tunavyofanya kazi Wandegeya. Mwenye meza kando ya barabara ndiye anayepokea oda, mwenye mashine nzima huku nyuma ndiye anayechapa, na mteja hajui kabisa kazi yake imepita mikononi mwa nani. Mgombea ubunge anapeleka mabango yake kwa mmoja, mpinzani wake anapeleka kwa mwingine, na jioni nyuso zao zote mbili zinakauka kwenye kamba yangu moja, zimebanwa kwa vibanio vya nguo.

Nikachomeka flashi. Kioo kizima kikageuka rangi ya chungwa. Juu kabisa kulikuwa na ile nembo ya Ukoo, mikono miwili imeshikana, nembo ambayo siku hizi huwezi kutembea hatua kumi Kampala bila kuiona kwenye mgongo wa mtu. Chini yake maandishi ya dhahabu. Nikasoma. Nikavuta kiti karibu nikasoma tena.

"Moreen," nikasema. "Hii harusi unajua ni ya nani?"

"Ya tajiri gani?"

"Ni yangu."

Akacheka. Moreen ni mtu wa Nakuru, anacheka kwa mwili mzima. Halafu akainama nyuma ya bega langu, akaliona jina langu, akaliona jina la Cleopas Ondiek, na kicheko kikamkauka.

"Woi. Si ulisema kadi mtachora wenyewe?"

Nilikuwa nimeshaichora. Kadi nyeupe, maandishi ya bluu, hakuna maua hakuna njiwa. Cleopas aliniambia ngoja kidogo mpenzi, ngoja kidogo, tangu mwezi uliopita, na mimi mjinga nikadhani anaona haya ya harusi. Sasa niliona alichokuwa anangoja. Mstari wa nne, kwa herufi kubwa kuliko jina langu mimi:

*Baba wa Bwana Harusi: Josias, Mwenyekiti wa Ukoo.*

Nikageuza upande wa pili. Ratiba ya siku ya utambulisho. Wageni kuwasili. Wageni kukaribishwa vitini. Na hapo katikati, kwa herufi ndogo kama za dawa: *Hakutakuwa na kupiga magoti mlangoni. Sherehe itarushwa moja kwa moja kupitia Ukoo na redio yetu.*

Redio yetu! Nikaukamata ukingo wa meza.

"Mpigie," Moreen akasema kwa sauti ya chini. "Usichape kitu. Mpigie kwanza."

Nikapiga. "Njoo dukani," nikamwambia. "Njoo sasa hivi. Uje na mdomo wako."

*

Nilimpenda Cleopas kwa masikio kabla sijampenda kwa macho. Wakati ule alikuwa na kipindi cha jioni redioni, *Sema Usikike*, na watu walipiga simu kwa Kiswahili kutoka kila kona: Wakenya wa Kikuubo, Wakongo, askari na wake zao, makanika wa Kisenyi. Mimi nilikuwa napiga kila jioni nikiwa nasafisha mashine. Nilisoma mpaka kidato cha tatu tu, lakini mtu anayechapa hulazimika kusoma, na mimi nilisoma kila kilichopita kwenye mashine yangu: katiba, tasnifu, taarifa za makampuni, ahadi za wagombea. Sikusahau hata moja. Nikawa nawakumbusha hewani mtu fulani alisema nini mwaka fulani. Cleopas akawa ananiita Dada wa Wandegeya.

"Dada wa Wandegeya, vuta pumzi," alikuwa akisema, na mimi nikiwa peke yangu na wino mikononi nilivuta pumzi kweli. Ile sauti! Nzito, ya taratibu, kama mtu anayekufunika shuka. Siku alipokuja dukani kunitafuta, alisimama mlangoni akasema "Vuta pumzi," na mimi nikaangusha rimu nzima ya karatasi.

Halafu Josias akainunua ile redio kama wewe unavyonunua soda.

Josias nani? Uliza tu nani asiye wake. Alianza na boda boda: unabonyeza simu, pikipiki inakuja. Halafu malipo ya sokoni. Leo Kikuubo nzima inaagiza mzigo kupitia Ukoo, ukikosana nao hata katoni ya sabuni hupati. Mheshimiwa wa huku akisimama kuhutubia, bango nyuma yake ni la chungwa. Mpinzani wake akisimama kesho yake kumtukana, bango ni la chungwa lile lile. Najua, niliyachapa mimi yote mawili, na kijana aliyeleta kazi alikuwa mmoja. Siku redio ilipopata mmiliki mpya, *Sema Usikike* ikafa. Sasa kinaitwa *Jioni ya Wapendanao*, nyimbo na salamu, na sauti ni ile ile ya Cleopas wangu.

Jioni ya mwisho ya kile kipindi, kaka yangu Onen alipiga simu. Onen ni mwendesha boda. Hakutaja jina, alisema tu kwamba Ukoo wanawakata waendeshaji zaidi ya walivyoahidi, na ahadi yenyewe ilichapwa Wandegeya, dada yake anayo kichwani. Asubuhi akaamka akaunti yake imezimwa. Alipokwenda stejini, wenzake wakamwambia asipaki hapo, steji ni ya Ukoo. Tangu hapo pikipiki yake imefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya baba, kama maiti.

Nami nikaendelea kumpenda mtangazaji wa Josias. Andika hilo pia. Nilijiambia mshahara ni mshahara, mtu anakula kwa jasho lake. Jumapili tulikuwa tunakula chips za pale chini kwenye mfuko mmoja, ananipangusia wino kwenye shavu kwa kidole gumba, na mimi nilikuwa nasahau Josias yupo duniani.

*

Aliingia akiwa amevaa fulana ya kazi, ya chungwa. Moreen akajifanya ana shughuli, akatoka, lakini hakwenda mbali. Cleopas akaangalia uso wangu, akaangalia kioo, akafumba macho.

"Nilitaka kukuambia Ijumaa," akasema.

"Ijumaa kadi zingekuwa zimeshafika kwa shangazi zangu."

"Adyero. Vuta pumzi."

"Usinivutishe pumzi! Hiyo weka redioni huko. Niambie Josias amekuzaa lini."

"Ni heshima tu. Ni jina kwenye kadi. Mimi baba yangu sikumjua, unajua. Mtu anapokuja mkubwa namna ile anasema kijana, nitasimama na wewe, utamwambia hapana?"

"Ndiyo. Unamwambia hapana, ninaye mzee wangu, yuko Kisenyi, anaitwa Ogwang."

Niliona jina lile limemgusa mahali, kwa sababu alishika shingo yake kwa nyuma, tabia yake akiona aibu. Mama yake, Akoth, alivuka naye mpaka wa Busia akiwa mdogo, akafungua kibanda cha chakula kwenye gereji za Kisenyi. Akoth alipofariki, wateja wake wengine walikuja kukaa matanga wakaenda. Ogwang makanika, mtu wa kabila la Lango kutoka Lira, asiye na mke wala mtoto, alimchukua yule mtoto, akamlaza kwenye kiti cha nyuma cha basi bovu mpaka alipompatia kitanda, akamsomesha. Haya aliniambia Cleopas mwenyewe, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

"Mzee atakuwepo," akasema. "Nani amesema hatakuwepo?"

"Kama nani?"

"Kama mzee. Atakaa. Ana kiti chake."

"Na nani atajibu mlangoni?"

Kwetu Waacholi wageni wa bwana harusi hawaingii tu kama wanaingia benki. Wanasimamishwa mlangoni, shangazi anawauliza maswali, wanaingia kwa magoti, na anayejibu ni baba, au mtu aliyemlea. Watu wanacheka, wanafanyiana utani, lakini ndani ya utani kuna jambo: mtu mzima ameshuka chini mbele ya watu wangu kwa ajili ya kijana wake. Hiyo ndiyo ndoa yenyewe. Zilizobaki ni keki.

"Josias hawezi kupiga magoti," Cleopas akasema. "Wewe fikiria, kamera zote zile."

"Kwa hiyo amefuta magoti ya Waacholi."

"Baba yako amekubali."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nikachukua simu, nikampigia baba. Mzee Okwera ni sajini mstaafu wa polisi, Kiswahili alijifunzia kambini na sisi tukakinyonya humo humo, kila akiongea ni kama anaamuru gwaride.

"Baba, umekubali watu waingie bila magoti?"

"Wewe sikia. Mimi nimepiga saluti maisha yangu yote. Nimepiga saluti mpaka kwa watoto wenye nyota. Leo mtu ambaye wakubwa wangu wanampigia saluti anakuja kwangu Kireka, nyumbani kwangu, unataka nimpigishe magoti? Una akili?"

"Baba, wewe mwaka juzi ulimkataa Cleopas. Ulisema Mkenya asiye na baba, nani atajibu mlangoni, makanika? Ulisema hivyo, ulikuwa umekaa kwenye kiti cha bluu, unakula mboga za boo. Nililia mbele yako."

"Sasa amepata baba. Si ndiyo ulitaka?"

"Nilitaka umkubali yeye!"

"Nimemkubali. Na kaka yako atarudi kazini. Au hajakuambia? Muulize. Halafu usinipigie tena na hiyo sauti."

Akakata. Nikamgeukia Cleopas. Hakuweza kuniangalia, akawa anachezea kibanio kwenye kamba ya mabango, anafungua, anafunga.

"Kaka yangu vipi?"

"Josias ameniahidi. Ndiyo zawadi yake ya harusi. Siku ile ile, mbele ya watu, atamfungulia Onen akaunti yake. Atamvalisha fulana kwa mkono wake."

"Mbele ya kamera."

"Mbele ya kamera, nyuma ya kamera, kuna tofauti gani? Onen atapanda pikipiki Jumatatu! Mke wake atanunua maziwa! Wewe na kumbukumbu zako, umempatia Onen nini? Umempatia hasira. Hasira haijazi tangi."

Nataka ulione hilo, kwa sababu ni kweli. Nilimwona Onen alivyokaa kwenye ngazi ya nyumba ya baba mchana kutwa akimenya miwa, yeye aliyekuwa akipita hapa dukani akipiga honi kunisalimu tu. Nikamwona mke wake anavyonikwepa, kwa sababu ahadi ile ilitoka kichwani mwangu ikapita mdomoni mwa mume wake.

"Na mimi?" nikauliza. "Josias anataka nini kwangu? Mtu hanunui harusi ya mwanamke wa Wandegeya kwa sababu anapenda keki."

"Hataki kitu."

"Cleopas."

Akapumua. "Anataka upumzike kidogo. Kule kwa waendeshaji wa boda, vile vikao vya kulalamikia makato ya Ukoo. Zile karatasi unazowachapia. Anasema Dada wa Wandegeya akionekana anacheka kwenye meza moja na yeye, watu watatulia. Hutasema lolote. Utakuwa bibi harusi tu. Mabibi harusi si huwa hawasemi?"

Nilimpiga kwa kitu cha kwanza nilichokishika. Ilikuwa kopo la kalamu. Kalamu zikatawanyika sakafuni, na Moreen huko nje akaguna.

Cleopas hakurudi nyuma. Alikuja mbele, akapiga magoti katikati ya kalamu zile, akanishika mikono. Alikuwa na machozi.

"Mimi nimechoka kuwa mtoto wa gereji," akasema, na hii haikuwa sauti ya redio, ilikuwa imepasuka. "Umewahi kuingia mahali watu wakanusa nguo zako? Baba yako alininusa, Adyero. Alininusa kweli, kama mbwa wa polisi. Sasa amenikubali na wewe unanipiga. Nataka kukuoa. Nimekutaka tangu uliponitukania bosi wangu wa zamani hewani. Nipe siku moja tu, siku moja unyamaze, halafu maisha yote uniseme mimi."

Lo, ile mikono. Ilikuwa na joto, na kidole gumba kilikuwa kinanipangusa wino bila yeye kujua. Nilikuwa na hasira ya kuvunja ukuta, na bado nilitaka kuweka kidevu changu juu ya kichwa chake. Mapenzi hayana adabu hata kidogo, yanakuja wakati hayajaitwa.

"Sawa," nikasema.

Akainua uso.

"Nitachapa kadi. Nitacheka kwenye meza. Kwa ajili ya Onen, na kwa ajili yako. Lakini sharti ni moja. Twende Kisenyi sasa, ukamwambie Mzee Ogwang kwa mdomo wako mwenyewe. Si kwa simu. Usoni."

"Ataelewa," akasema haraka. "Mzee ananielewa kuliko mtu yeyote."

"Basi twende."

Nikachomoa flashi, nikaitia mfukoni.

*

Tulipanda boda mbili. Migongo yote miwili ya waendeshaji ilikuwa na mikono imeshikana.

Gereji ya Mzee Ogwang haina ukuta. Ni mabati juu ya nguzo, katikati ya maduka ya Wasomali yanayouza matairi na vyuma, na mwadhini alikuwa anaadhini alasiri tulipofika, kwa hiyo nyundo zote zilikuwa zimenyamaza. Mzee alikuwa ameketi juu ya betri kuukuu, mbele yake beseni. Miguu wazi, suruali mpya nyeusi imekunjwa mpaka kwenye mashavu ya miguu. Alikuwa anasugua mikono.

"Eh, watoto yangu!" akasema. "Msinishike, bado inachuruzika."

Alikuwa na sabuni ya unga, sukari na ndimu zilizokamuliwa, mrundo mzima. Alisugua kucha moja moja kwa mswaki mkuukuu. Mikono ya makanika unaijua, weusi wake hauko juu, umo ndani ya ngozi. Lakini ile ya Mzee Ogwang ilikuwa imetoka weusi, imekuwa ya waridi waridi kwenye viganja, imechubuka, inatisha kidogo, kama ya mtu aliyeungua.

"Mzee, umefanya nini?" nikauliza.

"Nasafisha. Tangu wiki iliyopita mimi haigusi injini, vijana ndiyo inafanya, mimi naelekeza na mguu." Akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Mama yako atanipa mkono, si ndiyo? Sasa mimi nitampa mama ya bibi harusi mkono ya grisi? Hapana. Cleopas, kuja uone. Nusa. Nusa, ni ndimu."

Cleopas akanusa. Akabaki ameinama.

"Na hii." Mzee akasimama, akagonga goti lake. Likatoa sauti nzito. "Goti yangu ya kushoto ni mbovu, unajua, ile jeki ilianguka. Nikasema watu ya Acholi wataniweka chini saa nzima, wale shangazi yao hawana huruma. Nikakata sponji ya kiti ya ile Corolla, nikashona ndani ya suruali. Sasa hata wakitaka niingie na magoti mpaka Kitgum, naingia."

Nilicheka. Nilicheka huku machozi yananijia, na yeye akadhani ni kicheko tu, akafurahi.

"Mama, wewe niulize. Wewe fanya shangazi. Nataka nione kama nimeshika."

"Mzee," Cleopas akasema, "kwanza kuna jambo..."

"Wewe ngoja, bwana harusi haongei. Mama, niulize."

Akashuka. Alishika mlango wa gari kuukuu uliokuwa umeegemezwa pale, akashuka taratibu, goti zuri kwanza, halafu lile bovu, pale kwenye udongo uliolowa mafuta, na suruali yake mpya. Vijana wake wakasogea kuangalia. Mikono yake safi aliishika juu, isiguse chini.

Nikavaa sauti ya shangazi Atoo, ambaye sauti yake ni kama mlango usiotiwa mafuta.

"Nyinyi ni watu gani mnatusumbua nyumbani?"

"Sisi ni watu ya amani. Tumetoka mbali, miguu inauma."

"Mnataka nini?"

"Tunaomba maji ya kunywa, na msichana wa kutuletea."

"Na huyu kijana mrefu hapo nyuma, mbona amenyamaza? Huyu kijana ni wa nani?"

Mzee akainua uso. Utani ulimtoka machoni. Hakunitazama mimi, alimtazama Cleopas.

"Ni wangu," akasema. "Mimi ndiyo nimemlea. Kama ana kosa, niulizeni mimi."

Nikamwangalia Cleopas. Nilimpa muda. Mungu ananiona, nilimpa muda wote alioutaka, na nilikuwa naomba kimoyomoyo: sema. Sema tu hapana kwa yule mwingine, na mimi nitakuoa hapa hapa juu ya hii grisi, bila keki, bila kadi, na Onen nitamtafutia njia hata kama ni ya kubeba karatasi zangu mgongoni. Sema.

Cleopas akamshika Mzee kwapani, akamwinua. Akamfuta vumbi magotini. Halafu akasafisha koo, na nilijua hata kabla hajafungua mdomo, kwa sababu kule kusafisha koo nakufahamu, ndiko anakokufanya taa nyekundu ya redioni ikiwaka.

"Mzee wangu," akasema, tamu, taratibu, kama anasoma salamu za wapendanao. "Kuna mabadiliko kidogo. Siku ile kutakuwa na wageni wakubwa. Bosi wangu mwenyewe amejitolea kusimama. Kwa hiyo haya ya mlangoni hayatakuwepo tena, hutajisumbua na goti. Wewe utakaa tu, kama mgeni wa heshima. Safu ya pili."

Mzee alikuwa anamsikiliza na kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyosikiliza injini.

"Atasimama kama nani?"

"Kama... kwenye kadi wameandika baba. Ni maandishi tu."

"Aha." Akaangalia mikono yake. "Hiyo safu ya pili, ni karibu?"

"Karibu kabisa, Mzee. Utaona kila kitu."

"Basi ni sawa. Kama ni karibu, sawa." Akamgonga bega mara moja, kwa ncha za vidole, asimchafue na maji ya sabuni. "Mtu mkubwa akikupenda ni bahati. Mama yako angefurahi."

Akakaa juu ya betri yake. Akaingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, akang'oa uzi, akatoa kile kipande cha sponji. Akatoa na cha pili. Akatembea mpaka kwenye ile Corolla, akavirudisha ndani ya tundu la kiti, akavipanga vizuri. Halafu akaenda kwenye lori lililokuwa limefunguliwa boneti, akamsogeza kijana aliyekuwa anafunga nati, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye injini mpaka viwiko. Mafuta meusi yakapanda juu ya ile ngozi ya waridi. Aliomba spana tu.

Cleopas akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia. Kweli, ulikuwa umetulia!

"Umeona?" akanong'ona. "Nilikuambia ataelewa. Amekubali."

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, na kelele hazikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi.

"Cleopas, mimi nakumbuka vitu. Hilo ndilo tatizo langu, umesema mwenyewe. Nitazeeka na wewe, utanipangusa shavu, na kila utakaponigusa nitakumbuka mtu alivyoweka sponji ndani ya kiti."

"Usifanye hivi. Onen..."

"Onen nitamwambia mwenyewe. Atanilaani, atakuwa na haki. Lakini atanilaani mimi, dada yake, hatavalishwa fulana kama mtoto wa chekechea mbele ya watu wote. Na baba nitamwambia. Wewe ulipewa mtu mmoja wa kumwambia, na mtu mwenyewe anakupenda. Ukamsomea tangazo."

Nikatoa flashi mfukoni, nikamfungulia kiganja, nikaiweka humo, nikavifunga vidole vyake juu yake. Vidole vile. Vilikuwa bado na joto.

"Kachapishe kwingine. Jina langu wafute, waweke la mtu anayejua kunyamaza."

"Adyero, nakupenda."

"Najua," nikasema. "Hilo ndilo linaniudhi."

Simu yake ikaanza kuita. Akaitazama mkononi, akanitazama mimi, akaitazama tena. Rangi ya chungwa ilikuwa inawaka kwenye kioo na kumwangaza kidevuni. Nyuma yake, chini ya boneti, Mzee Ogwang alikuwa ameacha kufunga nati. Hakugeuka, alisubiri tu.

"Pokea," nikamwambia. "Baba yako anapiga."

Nikatembea. Nilipita matairi, nikapita duka la Msomali wa vyuma. Simu iliendelea kuita nyuma yangu. Nilifika barabarani, nikasimama ukingoni kusubiri malori yapite, na hapo mlio ukakatika. Nikageuza sikio. Sikutaka, lakini sikio liligeuka lenyewe, lilimzoea mno.

"Ndiyo, Mkubwa," ile sauti ikasema, nzito, ya taratibu, ya kukufunika shuka. "Ndiyo, nimemwambia. Ndiyo, niko na bibi harusi hapa hapa. Amefurahi sana."

Lori la mwisho likapita. Nikavuka.